Kijivu Amegoma Kuwaka

Gereji,
Jumatatu, 3 Machi

Baba mpendwa, shikamoo.

Kwa masikitiko makubwa, kwa niaba ya gereji nzima, kwa niaba ya mama, na kwa niaba ya paka wawili waliokuwa wamelala juu ya boneti, nachukua nafasi hii kukutangazia rasmi kwamba leo, saa mbili na dakika kumi asubuhi, gari lako Kijivu alipigwa stata mbele ya mashahidi na akagoma kuwaka.

Hajafa, usishtuke. Betri niliichaji jana, stata inazunguka vizuri, taa zinawaka mpaka paka wanafumba macho. Lakini injini haisemi neno. Hata kukohoa haikohoi. Inazunguka tu kama mtu anayetikisa kichwa kukataa uji.

Mashahidi walikuwa mimi, mama, wateja wawili, na Kidole. Ndiyo, yuleyule mwanafunzi wako wa tisa, tuliyempa jina hilo kwa sababu hutibu magari kwa kuyanyooshea kidole. Tangu uondoke wiki tano zilizopita anapita hapa kila siku, mikono nyuma, kama mkaguzi wa shule. Leo alisubiri kelele za stata zinyamaze, akawageukia wateja:

"Gari la fundi mkuu mwenyewe halitoki getini? Basi hii siyo gereji, jamani. Haya ni maegesho."

Wateja wakacheka. Mmoja alicheka huku kashika ufunguo wa gari lake, nikaona anaurudisha mfukoni.

Baba, nisingekusumbua na macho yako yakiwa hayajapona. Lakini siku unaondoka ulisema mbele yetu sote kwamba ukirudi, Jumamosi ya tarehe 29, utakabidhi funguo za gereji kwa mtu ambaye jina lake limechomwa kwenye mlango wa stoo. Majina ni tisa. Wanne wamehama, watatu wameacha ufundi, mmoja amefariki, na mmoja ni Kidole. La kwangu halipo. Nimefanya kazi kwako miaka kumi na mmoja. Silalamiki. Nahesabu tu.

Sasa naomba unieleze nianzie wapi. Ukijibu, mpe dereva wa lori la maziwa kama kawaida. Najua msimamo wako kwamba simu ni ya kujuliana hali, na kwamba mambo ya injini yaandikwe ili mtu asije akakana.

Mama anakusalimu. Anasema nyigu wa uani wamezidi tangu uondoke. Anadhani walikuwa wanakuogopa.

Ni mimi,
Binti yako


Nyumbani kwa Shangazi,
Jumatano, 5 Machi

Binti yangu, marahaba.

Barua hii imeandikwa kwa mkono wa shangazi yako, kwa sababu jicho langu moja limefungwa bandeji na lingine limekatazwa kusoma. Daktari ametoa mtoto wa jicho kulia mwezi uliopita na kushoto juzi. Kwa kweli ulikuwa ukungu mdogo tu. Hata daktari alishangaa.

(Shangazi naongeza: ni kweli daktari alishangaa. Alishangaa huyu mdogo wangu alifikaje hospitali bila kugonga ukuta. Marahaba na mimi pia, mwanangu.)

Sasa sikiliza. Injini ni kama mtu, inataka mambo manne. Kula, kuvuta pumzi, kushtuliwa, na kutoa pumzi. Kula ni petroli. Kuvuta pumzi ni hewa inayoingia kwenye kabureta. Kushtuliwa ni cheche ya plagi. Kutoa pumzi ni bomba la moshi, na hilo kwa miaka arobaini sijaona limemzuia mtu safari, kwa hiyo lisikupotezee muda. Anza na cheche, halafu petroli, halafu hewa. Usirukeruke kama Kidole.

Jambo moja ulijue. Siku moja kabla ya kuondoka nilimfanyia Kijivu sevisi kamili kwa mikono yangu mwenyewe, peke yangu, mlango nimefunga. Unakumbuka ulitaka kunisaidia nikakukatalia. Kwa hiyo nilimwacha mzima, na alichonacho amekipata baada yangu.

(Shangazi naongeza: amesema hivyo kwa sauti ya juu sana. Jirani amekuja kuuliza kama kuna ugomvi.)

Kidole mpe maji ya kunywa. Spana usimpe.

Na umwulize mama yako fulana yangu ya bluu iko wapi. Niliiacha kwenye kamba. Shangazi yako amenivalisha fulana ya marehemu mume wake yenye picha ya jogoo, na watoto wa mtaa huu wameanza kuwika nikipita.

Baba yako


Gereji,
Jumamosi, 8 Machi

Baba, shikamoo. Shangazi, shikamoo na wewe unayesoma.

Nimeanza na cheche kama ulivyosema. Nikafuata waya za plagi moja moja kwa kidole, kutoka kwenye distribyuta mpaka kwenye injini. Waya wa plagi ya pili umechomekwa kwenye ya tatu. Waya wa plagi ya tatu umechomekwa kwenye ya pili.

Nilikaa juu ya tairi nikacheka. Kisha nikaacha kucheka.

Baba, wewe ndiye uliyenifundisha mpangilio wa cheche nikiwa na miaka kumi, kwa kugonga meza ya chakula: moja, tatu, nne, mbili. Mama alikuwa anatutishia kijiko. Mtu anayeweza kuugonga mpangilio huo akiwa usingizini hawezi kuukosea akiwa macho, mchana, kwenye gari lake mwenyewe. Kwa hiyo hukukosea. Na kama hukukosea, ulikusudia. Na kama ulikusudia, basi huu ni mtihani.

Nimechelewa kukuelewa, nisamehe. Wote tisa walipita njia hiyohiyo. Unajifungia na Kijivu, unamtegea ugonjwa, unamwita mwanafunzi, unamwambia autafute bila kuuliza. Anayeuliza ameshindwa. Anayepata, unalichoma jina lake mlangoni kwa chuma cha moto. Mimi uliniambia miaka yote kwamba mtoto wa nyumbani hatahiniwi, watu watasema umempendelea. Kumbe ulikuwa unangoja uwe mbali, tena umefungwa macho, ili asipatikane wa kusema umenikonyeza.

Nimekubali. Kuanzia leo siulizi kitu.

Kuhusu lile swali la "nianzie wapi" kwenye barua ya Jumatatu, naomba lisihesabiwe. Ilikuwa namna ya kusalimia.

Waya nimezirudisha mahali pake. Bado hawaki, kwa hiyo naona mitego ni zaidi ya mmoja. Vizuri. Mmoja ungekuwa dharau.

Mama anasema fulana ipo, isikuumize kichwa.

Mtahiniwa


Nyumbani kwa Shangazi,
Jumatatu, 10 Machi

Binti yangu, marahaba.

Barua yako nimesomewa.

Mtihani kama upo, hausemwi. Na kama haupo, hausemwi vilevile. Wewe endelea na kazi.

Umesema mitego ni zaidi ya mmoja. Sikatai. Ningependa sana hata mimi kujua ni mingapi.

(Shangazi naongeza: amenitaka niifute sentensi hiyo ya mwisho. Nimemwambia kalamu yangu haina kifutio.)

Andika kila unachokikuta. Andika hali uliyokikuta nayo, usiandike tu kwamba umekitengeneza. Hayo ndiyo yananisaidia kusahihisha.

Mwambie mama yako "ipo" siyo jibu. Hata mimi nipo.

Baba yako

(Shangazi naongeza, hapa amekwenda kuoga: ile sehemu ya waya wa pili na wa tatu amenitaka niisome mara tatu. Halafu akawa anagonga mkono wa kiti, moja, tatu, nne, mbili, moja, tatu, nne, mbili. Akaomba chai. Chai imepoa iko hapa mpaka sasa.)


Gereji,
Alhamisi, 13 Machi

Baba, shikamoo.

Umetaka kila nilichokikuta na hali yake. Haya, kaa vizuri kwenye kiti.

Mtego wa pili. Nilifungua distribyuta nikaangalia platini. Zile ncha mbili zinazogusana na kuachana ili cheche ipatikane ulizifunga zisiachane kabisa. Zimekumbatiana kama ndugu wamekutana stesheni. Kwa mtu mvivu zinaonekana nzima, safi, zinang'aa. Ni mpaka uinamishe kichwa na tochi mdomoni ndipo unaona hakuna mwanga unaopita katikati. Nilizifungua, cheche ikaja, ya buluu, inalia kama kuni mbichi.

Mtego wa tatu. Cheche ipo, lakini plagi zimetoka kavu, hazinuki hata petroli. Nikafuata mpira wa petroli kutoka kwenye pampu. Pale unapopita chini ya kibanio umeukunja kama goti la mtu aliyekaa, halafu ukakaza skrubu juu yake. Tone halipiti. Baba, huo ni mtego wa mtu mwenye roho mbaya, nakupongeza. Nilipita juu yake mara mbili bila kuuona, kwa sababu skrubu imekazwa kwa ustadi. Nani angeshuku skrubu iliyokazwa vizuri?

Nikaunyoosha. Petroli ikafika. Nikaita mama aje kushuhudia. Nikapiga stata.

Akakohoa mara mbili, nzito, kama mtu aliyefunikwa mto usoni. Kisha kimya.

Nikapiga tena. Anakohoa mara mbili, ananyamaza. Hivyo hivyo kuanzia Jumanne mpaka leo. Anataka kuwaka, namsikia kabisa anataka, halafu kitu kinamkaba. Kabureta nimeifungua na kuisafisha. Chujio la hewa nimelitoa kabisa. Sikuulizi. Nakuarifu tu kwamba mtego wa nne ni mzuri.

Kidole alikuwepo Kijivu alipokohoa mara ya kwanza. Akanyoosha kidole, unakijua.

"Dada, hiyo injini imekwisha. Hicho ni kikohozi cha kuaga."

"Kaka, wewe umeona nini?"

"Mimi siangalii, dada. Mimi nasikia."

"Basi sikia na mlango unavyofungwa."

Jana alirudi na futi ya kupimia. Akaanza kupima ukuta wa mbele, pale juu ya geti. Nikamwuliza, "Kaka, unapima nini kwenye ukuta wetu?" Akanijibu bila kugeuka, "Nafasi ya kibao, dada. Herufi zangu ni kubwa kidogo."

Nimekwenda kuutazama mlango wa stoo. Chini ya jina lake kuna nafasi ya kiganja kimoja, halafu kitasa.

Mama anasema fulana utaikuta ukirudi, hajamgawia mtu.

Mtahiniwa, bado


Nyumbani kwa Shangazi,
Jumatatu, 17 Machi

Binti yangu, marahaba.

Herufi hizi kubwa ni zangu mwenyewe. Bandeji imetolewa Ijumaa. Nimeruhusiwa kuandika ukurasa mmoja kwa siku. Naona vizuri mno. Nimeona hata sura ya shangazi yako. Amezeeka, usimwambie.

Kitu cha kwanza nilichofanya ni kuzisoma tena barua zako zote mwenyewe. Kila kitu nimekiona, platini na mpira na skrubu, kama niko pale nimeshika tochi.

Siulizi umefika wapi. Nina machache ya kukueleza.

Wale tisa, kila mmoja nilimtegea ugonjwa mmoja. Wewe umeshapata matatu na hukuuliza.

Kidole unayemwogopa alipewa siku tatu, akachukua tano. Siku ya nne alinijia jikoni akaniuliza, "Fundi, ni koili?" Ilikuwa koili. Nikakohoa. Akakichukulia kikohozi kuwa ndiyo, naye hakukosea. Jina nikalichoma kwa sababu nilikuwa nimechoka, na alikuwa amekwishamwambia mama yake. Hilo sijawahi kumwambia mtu. Na wewe usilitumie.

La mwisho. Rudi kwenye platini ukapime upya. Pima kwa geji, ile ya vibamba iliyoko kwenye kopo la kahawa. Usipime kwa jicho. Mimi nilikuwa napima kwa jicho miaka yote, nikiwacheka wenye geji. Usiwe kama mimi kwenye hilo.

Ukurasa umeisha. Fulana

Baba


Gereji,
Ijumaa, 21 Machi

Baba! Shikamoo!

AMEWAKA.

Leo, saa sita na dakika ishirini mchana. Nimeandika kwenye daftari la gereji kwa wino mwekundu na mama ameweka sahihi.

Barua yako ilinifikia Jumatano. Alhamisi nikatoa platini zote mbili, nikazisugua kwa msasa laini mpaka nikaona uso wangu, nikazirudisha. Leo asubuhi nikatoa ile geji kwenye kopo la kahawa, nikapima kwa vibamba. Nilikuwa nimeziacha wazi kupita kiasi kwa unene wa karatasi. Unene wa karatasi, Baba! Huo ndio uliokuwa unamkaba siku zote kumi. Nikazirekebisha, nikashusha pumzi, nikakaa kwenye kiti, nikapiga stata.

Hakukohoa. Alinguruma. Alitoa wingu jeusi nyuma lililowafukuza paka mpaka kwa jirani, kisha akatulia na kuanza kutwanga taratibu kwa mlio ule wako, moja, tatu, nne, mbili, moja, tatu, nne, mbili. Mama alitoka jikoni na mwiko. Akasimama. Akaushusha mwiko.

Sikumzima. Nilimwendesha mtaa mzima mara mbili. Mara ya kwanza kwa ajili ya kupima breki. Mara ya pili sina sababu ya kukupa. Nilipita mbele ya kinyozi, mbele ya duka la vipuri, mbele ya wale wateja wawili, na nilipofika kwa yule aliyerudisha ufunguo mfukoni nikapunguza mwendo ili asikie vizuri. Kesho ameahidi kuleta gari lake.

Kidole alikuwa getini niliporudi. Akazunguka gari zima mikono nyuma. Mwishowe akanyoosha kidole kwenye boneti.

"Amewaka, sikatai. Lakini kuna sauti ndogo hapo..."

Nikamwambia, "Kaka, kirudishe."

"Nini?"

"Hicho kidole. Kirudishe ulikokitoa."

Akasema mlango wa stoo ndio utakaoamua, siyo mimi. Baba, ile siri yako sikuitumia, naapa. Nilikohoa tu, mara moja. Akachukua futi yake, akaondoka.

Mitego minne nimeimaliza. Sikuuliza hata mmoja. Nasubiri uje uchome jina, au uje useme kwa mdomo wako kwa nini hulichomi.

Binti yako, FUNDI


Nyumbani kwa Shangazi,
Jumapili, 23 Machi

Fundi, marahaba.

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama.

Usinisubiri. Chuma cha kuchomea kiko nyuma ya kabati la boliti, kimefungwa kwenye gunia. Kipashe moto mpaka kiwe chekundu, siyo cha rangi ya chungwa, ukichelewa kitaunguza mbao. Choma jina lako mwenyewe. Usilichome chini ya la tisa karibu na kitasa, hapo mkono utalifuta. Lichome juu, katikati, peke yake. Sikuwahi kumruhusu mtu kujichomea jina. Wewe sikukutahini kama wao, kwa hiyo na jina halitachomwa kama yao.

Funguo ni zako kuanzia siku barua hii itakapokufikia. Tarehe 29 nitashuka stendi saa nne asubuhi. Uje na Kijivu. Nitakaa kiti cha abiria, na sitasema kitu kuhusu gia unavyoziingiza. Nitajaribu.

Ule mtego wa nne, wa unene wa karatasi, nakiri ulikuwa bora kuliko yote niliyowahi kutega maishani.

Baba yako, fundi mstaafu

N.B. Waambie wateja mafundi wa mji huu wanapima kwa jicho. Gereji yako inapima kwa geji.


Nyumbani kwangu,
Jumapili, 23 Machi

Wifi yangu, hujambo?

Nimempa dereva wa maziwa barua mbili leo. Hii ni yako peke yako, ukishaisoma itumie kuwashia jiko.

Wifi, hakuna mtego. Hakutega kitu huyu. Siku ile alipofanya hiyo sevisi alikuwa haoni, alifunga mlango ili msimwone akipapasa. Waya alizichomeka kwa kubahatisha, platini alizifunga akidhani amezifungua, na mpira ule wala hajui alivyoukunja. Aliniambia mwenyewe usiku ule iliposomwa barua ya kwanza ya mtihani. Alisema, "Dada, mtoto ananipa sifa kwa uharibifu wangu." Akalia kidogo kwa lile jicho lililokuwa wazi, nami nikamfuta kwa upole kwa sababu ya mshono.

Kulia kumekwisha sasa. Sasa tuna tatizo lingine. Ameanza kuuamini huo mtihani. Jana amekwenda kwa kinyozi wetu na barua zote mfukoni akawasomea watu. Mitego ilikuwa minne. Leo amerudi kunyolewa ndevu ambazo hana, nikamsikia kupitia dirishani anasema ilikuwa mitano, na kwamba binti yake ndiye fundi wa kwanza katika nchi nzima kuipata bila kuuliza. Kifua kimejaa mpaka yule jogoo wa kwenye fulana amenyooka. Sijamwona hivi tangu siku alipofungua gereji.

Ninachotaka kujua ni hiki, wifi. Mtoto tumwambie? Amefanya kazi ya kweli, na jina anachoma kwa sababu ya mtihani ambao haukuwepo. Mimi sipendi mtu ajengewe juu ya hewa. Lakini pia sitaki huyu mdogo wangu arudi huko ameinamisha kichwa. Wewe ndiye mama. Sema, nami nitafuata.

Wifi yako


Nyumbani,
Jumanne, 25 Machi

Wifi yangu, sijambo. Pole na mgonjwa.

Usimwambie mtu kitu. Mtoto anajua.

Siku ile alipokuta waya zimebadilishana alikuja jikoni na mikono ya grisi, akasimama mlangoni. Akaniuliza, "Mama, baba alikuwa anaona kiasi gani?" Nikamwambia baba yako anasema ni ukungu. Akaniuliza tena, "Na wewe unasemaje?" Nikamwambia mwezi mzima kabla hajaondoka alikuwa akiusalimia mkoba wangu pale sebuleni akidhani ni mimi. Akanawa mikono, jambo ambalo hafanyi. Kisha akasema, "Kama siyo mtego basi ni macho, na kama ni macho watu watasema fundi mkuu alikuwa anaharibu magari yao. Mimi nimeamua ni mtego." Akaketi hapohapo mezani kwangu akaandika ile barua. Alipomaliza aliniambia, "Na jina nalitaka, mama. Hilo siandiki kwa kumhurumia mtu."

Kwa hiyo waache. Kila mmoja anamfichia mwenzake, na wote wawili wanatembea kifua mbele. Jina amelichoma leo asubuhi, katikati ya mlango, limenyooka. Nimesimama pale nikanusa moshi wa mbao mpaka ukaisha. Kidole alikuja kuliona. Ameomba kazi. Mtoto amemwambia ataanza Jumatatu, na kwamba atampa mtihani.

Kuhusu hiyo fulana ya bluu mdogo wako anayoiulizia kila barua. Siku aliyoondoka nyigu walikuwa wanaingia na kutoka kwenye bomba la moshi la Kijivu, nikaikunja nikazibia humo, nikaishindilia kwa mpini wa ufagio. Ijumaa asubuhi, ile tarehe 21, kabla ya chai, niliichomoa ili niifue kabla hajarudi. Nimeifua mara mbili. Masizi hayajatoka.

Wifi yako